Jengo kongwe la umma: lipu ya saruji au turudi kwenye chokaa?

MLETA MADA: Wadau, jengo la zamani la umma likianza kuchakaa nje, dawa ni ile ile: bandua, piga lipu ya saruji, paka rangi ya plastiki, piga picha. Mimi napinga, na si kwa sababu ya mahaba na vitu vya kale. Hati ya saruji ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824, na kuta nyingi za mawe zilizojengwa kabla haijaenea zilishikwa kwa chokaa. Chokaa ni laini na ina vitundu, kwa hiyo unyevu ukiingia hupata pa kutokea. Saruji huufungia ndani. Kaa misimu michache ya mvua, kisha rudi ukautazame ukuta: ufa mwembamba kama unywele, halafu uvimbe, halafu chumvi nyeupe kama unga. Gonga kwa vifundo vya vidole, usikie unavyolia kama mtungi mtupu. Siku hiyo lipu ikidondoka, hung'oka na ngozi ya jiwe.

MCHANGIAJI: Mkuu, hayo ni maneno ya mtu asiyelipa mafundi. Chokaa hupigwa tabaka kwa tabaka, kila moja isubiriwe, imwagiliwe, ikingwe na jua. Fundi anayeijua yuko wapi? Hapo watu wanafuata huduma, si makumbusho, na hawataki kuangukiwa na plasta kichwani. Halafu huo Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, mnaoupigia debe ninyi watetezi wa chokaa, unaruhusu mbinu za kisasa.

MLETA MADA: Unaruhusu, lakini pale tu mbinu za asili zinaposhindwa, na hiyo mpya iwe imeshathibitika. Nani amejaribu chokaa hata kwenye kipande cha mita moja akasema imeshindwa? La mafundi umenibana, sibishi. Wamebaki wachache, na kila zabuni ya saruji inawapunguza.

MCHANGIAJI WA PILI: Nyote mnagombania nguo wakati paa linavuja. Doa jeusi linaloshuka kutoka juu kama machozi mara nyingi ni gata iliyoziba, na hapo saruji italowa, chokaa italowa. Zabuni za namna hii huandikwa "ukarabati wa nje", gata haimo. Kabla ya kuendelea: kuna aliyeweka ngazi akapanda kuangalia?