Stempu na magazeti ya zamani Mwanza: kiyoyozi, boksi la kubana au kabati la wazi?

Stempu_Kirumba: Wakuu, nina albamu za stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, zikiwemo za 1935 zenye jahazi la Ziwa Victoria, pamoja na magazeti aliyoacha babu. Masika yakiingia kurasa zinafanya mawimbi na gundi ya nyuma ya stempu inaanza kunata. Nyumba iko karibu kabisa na ziwa. Nichague kiyoyozi, maboksi ya plastiki yenye silika (chembe zinazonyonya unyevu), au kabati la mbao lenye matundu?

Dada_Nyegezi: Kiyoyozi. Kinakausha hewa ya chumba kizima.

FundiJalada: Dada yangu, kinakausha kikiwa kinawaka. Umeme ukikatika au ukikizima usiku, unyevu unarudi. Nyuzi za karatasi hunywa maji ya hewani na kuvimba, upana wake zaidi kuliko urefu, kisha husinyaa hewa ikikauka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopinda kurasa. Bora unyevu wa hewa wa asilimia 50 usioyumba kuliko 40 mchana na 75 usiku.

Kabati la matundu halituamishi hewa, ila linafuata hali ya nje. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 siku kadhaa, ukungu unaota.

Mzee_wa_Albamu: Boksi, lakini angalia unalifunga lini. Ukilifunga Aprili umeyafungia masika humo humo, maana karatasi tayari imeshiba maji. Subiri Julai. Mchana hewa ikiwa kavu, zifungue albamu ndani ya nyumba, mbali na jua, zipumue siku chache, ndipo ufunge. Silika chukua ile inayobadilika rangi. Ikigeuka, ikaushe kwenye ovena uirudishe. Isiguse stempu. Na plastiki iwe polipropilini, si PVC laini yenye harufu kali, hiyo inatoa kemikali zinazoharibu karatasi.

Stempu_Kirumba: Shikamoo mzee. Mchele hautoshi badala ya silika?

Mzee_wa_Albamu: Marahaba. Hapana, unanyonya kidogo mno halafu unaita wadudu.

FundiJalada: Naungana na mzee, boksi limeshinda. Ongeza haigromita ndogo (kipimo cha unyevu wa hewa) ndani yake. Ikisoma kati ya 35 na 50, acha. Ikishuka chini ya 30 punguza silika, kwa sababu gazeti kuukuu likikauka sana linakatika ukilikunjua. Magazeti yapewe boksi lake peke yake. Karatasi yake ina asidi, itazigeuza stempu rangi.