Mteja anakuja na jibu la simu, kisha hataki kuulizwa kitu

Mwenye Duka, Newala:

Wakuu salaam. Nina duka la pembejeo hapa Newala, nauza salfa, dawa za maji, mabomba ya kupulizia na vipuri vyake. Leo sina swali la dawa, nina swali la watu. Tangu hizi programu za akili mnemba ziingie kwenye simu za vijana, wateja wangu wamebadilika namna ya kuamua, nataka kujua kama na nyie wa kazi nyingine mnaliona.

Zamani mkulima akiingia dukani alianza kwa kusimulia. Mikorosho ile ya bondeni imetangulia kutoa maua, asubuhi umande mzito, machipukizi yana hivi na hivi. Ukimwacha aseme, katikati ya maneno yake unalikuta tatizo, mara nyingi siyo lile alilolijia. Sasa hivi anaingia, ananinyooshea kioo: "Nipe hii."

Juzi kaja mjomba mmoja mtu mzima, wa kijiji cha jirani. Nikamwamkia, nikamuuliza mikorosho inaendeleaje. "Mwanangu usinichoshe, mjukuu ameshauliza, soma hapo." Nikasoma. Jibu limepangika, moja mpaka saba, Kiswahili kimenyooka kuliko cha barua ya halmashauri. Na nisiwe mnafiki, humo ndani sikuona cha kupinga: ubwiriungu ni unga mweupe kwenye maua na majani machanga, unapenda ubaridi na unyevu, salfa ipulizwe alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Sawa kabisa. Nikapandisha juu kuangalia swali lenyewe. Mjukuu kaandika: "dawa nzuri ya ubwiriungu kwenye korosho". Basi. Nani kasema huko shambani kuna ubwiriungu? Hakuna aliyesema.

Bahati mjomba alikuwa na tawi kwenye mfuko wa shati. Nikaliomba. Ncha imekauka imekuwa nyeusi, kwenye chipukizi kuna madoa meusi marefu marefu kama yamechorwa kwa kalamu, unga mweupe hata chembe. Huyo ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Salfa inatibu ubwiriungu, mbu ukimpulizia salfa umempaka poda tu. Nikamweleza taratibu, namwonyesha na kidole. Akaniangalia: "Sasa wewe na kompyuta nani kasoma zaidi?" Akavuka barabara, kanunua salfa duka la pili.

Kinachonikera, jibu halikuwa la uongo. Lilijibu swali ambalo shamba halikuuliza. Kijana alikuwa ameshaamua kabla hajaandika, simu ikamgongea muhuri, na muhuri ukishagongwa mzee hata tawi lililo mfukoni mwake haliangalii tena. Angeambiwa na jirani "nadhani ni ubwiriungu" angekuja kuniuliza, maana jirani anajulikana naye hubahatisha. Simu haisemi kwa kusitasita.

Nibishane nao au niuze tu wanachotaka? Na huko kwenu watu wanaamuaje?

Mwalimu wa Mtama:

Mkuu, hilo la muhuri umelisema vizuri. Nililifanyia jaribio darasani kidato cha tatu. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo tukatumia yangu na ya mwalimu mwenzangu. Kundi moja likauliza: kwa nini niuze ufuta wangu mnada wa kwanza? La pili: kwa nini nisubiri minada ya mbele? Ufuta ni uleule, Lindi ni ileile. Kila kundi likapewa sababu sita nzuri. Walivyoanza kubishana, ungedhani ni wenyeviti wa AMCOS mbili, vile vyama vya ushirika vya wakulima, kila mmoja anasoma kwa sauti.

Hizi programu zimenolewa kwa kupewa alama na watu, na sisi watu tunampa alama nyingi anayekubaliana nasi. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la ChatGPT siku chache baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa linawasifia watumiaji kupita kiasi. Mtu analeta wazo la ovyo, linamwambia yeye ni hodari. Lile walilirekebisha, lakini ile tabia ya kuegemea upande wa muulizaji haijaisha. Ndiyo maana mimi nawafundisha waulize mara mbili, ya pili kinyume.

Dogo wa Masasi:

Mwenye Duka usikasirike, lakini na nyie mna lenu. Afisa ugani wa kwetu ukimpigia yuko kikaoni. Simu inanijibu saa tano usiku bila kunidai nauli. Halafu dukani kwenu ile dawa inayokaribia kuisha muda ndiyo huwa "inafanya kazi sana mwaka huu". AI, hiyo akili mnemba, haina stoo ya kumaliza! Mimi hata bei ya korosho naiuliza, niuze mnada upi.

Mwenye Duka, Newala:

Hilo la stoo wapo wenzetu wa hivyo, sikatai. Ila na wewe mdogo wangu usije ukampandisha mshauri cheo kwa sababu tu hana duka. Mjukuu wa mjomba hakudanganywa na muuzaji, kajidanganya mwenyewe kabla hajafika kwangu.

Na hiyo ya bei niache nicheke. Msimu wa 2023/24 bei ilizungukia elfu mbili kwa kilo. Msimu uliofuata mnada wa kwanza ukavuka 4,000, watu wanapigiana simu kuhakikisha hawajasikia vibaya. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za wanunuzi, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa 3,300, magari ya jeshi yakaja kubeba. Mashine iliyosoma bei za nyuma ingekubashiria vipi lori la jeshi? Ingekupa namba, tena na sababu zake, nawe ungeilalia.

Tabibu, Lindi mjini:

Kwetu ni hayohayo. Mama anamleta mtoto ana homa, namuuliza imeanza lini, ananijibu "simu imesema taifodi". Homa imeanza lini? "Taifodi." Foleni iko mpaka nje, na nakiri wapo wanaoandika vipimo vya taifodi ili yaishe.

Lakini tusiwaseme wagonjwa tu. Kuna utafiti wa Poland uliotoka 2025, madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Walipewa AI ya kuwaonyesha vivimbe. Baada ya muda wakapimwa kwenye vipimo ambavyo hawakuitumia: kabla ya kuizoea walikuwa wanagundua vivimbe kwa wagonjwa asilimia 28.4, baada ya kuizoea ikawa 22.4. Utafiti ni mmoja, tusiugeuze msahafu. Ila hao ni mabingwa, jicho lao ndiyo kazi yao. Mwenye Duka, nawe siku ukianza kuisoma simu ya mteja kabla ya tawi, jihadhari.

Mama wa Nachingwea:

Wanangu hamjambo. Haya mambo mnayaita mapya. Baba yangu aling'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza hapahapa Nachingwea. Mpango ulianza 1947, hesabu zote zimepigwa kwao, trekta ngapi, tani ngapi. Kufika 1951 wameuvunja, pesa zimekwenda. Kompyuta ilikuwa wapi? Mtu akishika karatasi iliyopangwa vizuri, udongo haumwambii kitu.

Na hao mbu, mkorosho wenye maji moto hawaukai sana. Wale siafu wekundu wanaoshona majani, ndiyo askari wenu. Vijana wanawapulizia dawa kwa vile wanauma wakati wa kuokota, kisha wanakuja kununua dawa ya mbu. Hilo mmeiuliza hiyo simu?

Dogo wa Masasi:

Shikamoo mama. Sijaiuliza. 😂 Sasa Mwenye Duka, nikipiga picha ya tawi nikaituma humo badala ya kuandika jina la ugonjwa, itakuwa nimekosea?

Mwenye Duka, Newala:

Marahaba ya mama namwachia mwenyewe. Hapana, piga. Mchana kwenye mwanga, chipukizi lenyewe kwa karibu, na upande wa chini wa jani, na maua. Andika "naona nini hapa", usiitajie ugonjwa wowote, maana ukiutaja tu itakuja nao. Halafu hilohilo tawi usilitupe, niletee. Kama mimi na simu tumetofautiana, tunakwenda na pikipiki mpaka shambani au tunampelekea mtu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wale ndio wenye korosho yao.

Mwalimu, ule mtindo wako wa kuuliza kinyume niandikie kwa mistari miwili mikubwa, nibandike kaunta pembeni ya mzani.

Dogo wa Masasi:

Poa. Na hiyo dawa ya mbu, inaisha muda lini?

Mwenye Duka, Newala:

2027. Njoo usome kopo mwenyewe.