MREJESHO: Nyumba 10 za Halloween Horror Nights, Orlando, kwa usiku mmoja

Halloween Horror Nights ni tamasha la usiku la kutisha katika bustani ya burudani ya Universal Studios Florida: unapita kwa miguu ndani ya nyumba ambamo waigizaji wanakurukia kukutisha. Niliuliza humu kama inawezekana kuzimaliza nyumba zote 10 bila kulipia Express, yaani tiketi ya ziada ya foleni fupi. Wakuu, ahsanteni sana. Inawezekana, ila siyo Jumamosi ya Oktoba. Chagua siku ya katikati ya wiki, tena Septemba.

Ushauri wa kuingia mapema ndio uliobeba kila kitu. Tiketi ya usiku ni tofauti na ya mchana. Mwenye zote mbili anabaki ndani bustani ikifungwa, anasubiri sehemu maalumu, kisha anaingia nyumba za mwanzo kabla geti kuu halijafunguliwa saa 12:30 jioni. Anza na nyumba yenye jina kubwa. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku foleni ni ndefu mno, kwa hiyo kula na tazama maonyesho. Watu hupungua baada ya saa 6, malizia hapo.

Ndani ya kila nyumba ni dakika chache tu. Acha hatua mbili tatu kati yako na wa mbele. Ukimganda, utamkuta mwigizaji ameshamrukia yeye na anarudi nyuma ya pazia jeusi, nawe umekosa. Sanamu ikikuvuta macho kushoto, tishio mara nyingi linatoka kulia.

Waigizaji hawakugusi. Barakoa na mavazi ya kutisha hayaruhusiwi kwa wageni. Mwenye kifafa asiingie: taa za kumwekamweka zimejaa. Watoto chini ya miaka 13, tafadhali waacheni.