Dogo anataka robotiki: aende PCM kwanza au diploma DIT/Arusha Tech? (Kigoma)

DadaWaGungu:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu haraka kidogo maana TAMISEMI wamefungua dirisha la kubadili machaguo na halikaagi sana. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne hapa Kigoma mjini, kapata wani, Hesabu A, Fizikia B, Kemia C. Anachotaka ni robotiki, si kitu kingine, toka darasa la sita anafungua redio za watu na kuzifunga tena na zinalia. Kwenye selfomu (fomu ya machaguo) alijaza PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), Tabora Boys ya kwanza. Sasa mjomba anasema huko ni kuzunguka tu, bora abadili aende diploma DIT (taasisi ya teknolojia ya Dar) au Arusha Tech (chuo cha ufundi Arusha) akashike vyuma mapema. Baba anavua dagaa Kibirizi, mbalamwezi ikiwaka hakuna kinachoingia nyumbani, kwa hiyo swala la ada kwetu ni kubwa. Nimetafuta chuo chenye kozi imeandikwa robotiki nimechanganyikiwa, kila mtu ananiambia lake. Chuo gani kinafundisha hii kitu kweli na apite njia ipi? Anayejua tafadhali aniambie kwa kirefu, huyu mtoto tunamtegemea.

Fundi_PLC:
Hongera kwa dogo dada. Mimi nilipita diploma ya umeme na sasa hivi nipo kiwandani Dar upande wa otomesheni, kwa hiyo nikwambie hiyo kazi ikoje. Robot ni vitu vinne vimekutana: vyuma vinavyotembea (mekanika), umeme na mota, sensa zinazoona na kugusa, na programu inayoamua. Kiwandani mkono unaopanga katoni kwenye paleti unapewa amri na PLC, ile kompyuta ngumu ya kwenye kabati, na mimi kazi yangu ni kuiprogramu, kuseti invata (vidhibiti kasi) za mota, na sensa ikigoma saa nane usiku nijue ni waya umekatika au ni programu. Hii ndio robotiki inayolipa mshahara hapa bongo kwa sasa, viwanda vya vinywaji, saruji, migodini, hata bwawa la Nyerere kule Rufiji lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja linaendeshwa kwa mifumo ya namna hii hii, control ni ile ile ila kitu ni kikubwa.

Sasa la muhimu, asitafute neno robotiki kwenye jina la kozi. Atafute umeme, elektroniki, mekanika au kompyuta injiniaringi, halafu achukue orodha ya masomo ya kozi yenyewe aangalie kama ndani kuna control systems (mifumo ya kuongoza mitambo), PLC, microcontroller (kompyuta ndogo ya kwenye chipu) na instrumentation (vifaa vya kupima). Kuna kozi inaitwa jina zuri ndani ni kompyuta ya ofisini, na kuna kozi inaitwa umeme tu ndani imejaa mambo yote.

Diploma ni miaka 3, unaanza NTA level 4 unamaliza level 6 (ngazi za vyuo vya ufundi), wanaangalia D nne zikiwemo Hesabu na Fizikia kwa hiyo dogo amevuka mbali sana. Na kuhusu ada, kwenye bajeti ya 2023/24 serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanaochaguliwa kwenda diploma DIT, Arusha Tech na MUST ya Mbeya. Ila soma joining yao (fomu ya maelekezo ya kujiunga) vizuri, hosteli, chakula, bima na vifaa bado ni mfuko wa mzazi na Dar si Kigoma dada yangu. Kitu kimoja asije akakichezea, akitaka digrii baadae TCU (tume ya vyuo vikuu) wanataka GPA (wastani wa alama) ya diploma isipungue 3.0, nimeona vijana wenye mikono ya dhahabu wanabaki mlangoni kwa sababu ya 2.8.

Mwl_Fizikia_TBR:
Mimi ni mwalimu wa Fizikia hapa Tabora, nachangia kwa nia njema kabisa na simpingi fundi hapo juu, aliyosema ni kweli. Lakini mtoto mwenye A ya Hesabu mimi ningemwacha aende PCM. Sababu ni hii. Robotiki ukiichimba chini ni hesabu. Mkono wa robot wenye viungo sita, ili ujue kiganja kiko wapi hewani unatumia vekta na matriksi, ili usitikisike ukifika unatumia differential equations (hesabu za vitu vinavyobadilika), na hivyo vitu anakutana navyo Advanced Mathematics akiwa na mwalimu mbele yake na muda wa kutosha. Diploma zipo hesabu ila zinaenda mbio na kwa lengo la kazi, akifika digrii anaanza kukimbizana na wenzake waliotoka six.

Muda nao tuhesabu. PCM miaka 2 jumlisha digrii miaka 4 ni 6. Diploma 3 jumlisha digrii 4 ni 7. Mjomba anasema kuzunguka lakini kama nia ni kuwa injinia basi njia ndefu ni ya diploma. Kama nia ni kuanza kazi mapema asaidie nyumbani, hapo mjomba yuko sahihi kabisa, na hilo si jambo la aibu, familia iseme wazi.

Hela: ada ya kidato cha tano na sita serikali iliifuta kuanzia 2022, kinachobaki ni michango na mahitaji, na toka Kigoma kuja Tabora ni treni moja tu ya reli ya kati, anapanda jioni anaamka yuko huku. Akifanya vizuri sana six kuna Samia Scholarship kwa waliofaulu sayansi, ilianza 2022/23, na hata akiikosa kuna mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo. Diploma nako bodi walianza kukopesha 2023/24 ila kwa kozi za vipaumbele, sio zote, muangalie mwongozo wa mwaka wake.

KamandaKasulu:
Robotiki Kigoma hii ataifanyia wapi? Mwambieni asome afya ajira ziko nje nje, mtaji wa familia ya mvuvi sio wa kujaribia.

Kijana_wa_Ujiji:
Kamanda nakuheshimu kaka yangu lakini hapo hapana. Mwaka 2018 drone za kampuni ya Wingcopter wakishirikiana na DHL na GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani) zilikuwa zinapeleka dawa toka Mwanza kwenda Ukerewe, kilomita 60 hivi juu ya maji kwa kama dakika 40. Sasa fikiria vijiji vyetu vya mwambao wa Tanganyika kusini huko ambako mgonjwa anasubiri boti na mawimbi yatulie. Njoo kwenye mawese, mama zetu wanachemsha na kukamua kwa kubahatisha moto, sensa ya joto na bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuprogramu) ni vitu vya bei ya kawaida tu vinaweza kusimamia ule moto. Kazi zipo Kigoma, watu wa kuzifanya ndio hatuna, na tukiwaambia wadogo zetu wasisome hatutakuja kuwa nao.

Dada, mimi nipo UDSM nasoma umeme pale CoET (kitivo cha uhandisi), nimetoka huko huko Ujiji. Nikwambie ukweli wa chuo. Darasani mwaka wa kwanza ni hesabu, drawing, workshop, mtu anayetaka robot anaweza kukata tamaa kwa sababu haioni. Control inakuja baadae, na ikija ndio unaelewa kwanini ulisota na zile hesabu za Laplace. Robot zenyewe wengi tunajifunzia nje ya ratiba, kwenye klabu na kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo ukichagua chuo uliza wanafunzi waliopo na sio brosha. Maabara inafunguliwa jioni au inafungwa saa kumi? Bodi moja wanagawana watu wangapi? Projekti za mwaka jana ziko wapi, zinawaka au zimewekwa kabatini? Fildi wanapelekwa viwandani au kila mtu anajitafutia? Hayo majibu yanakupa picha kuliko jina la chuo. Mtafute kijana mmoja anayesoma kila chuo mnachokifikiria, Kigoma tumejaa kila mahali hatukosekani.

Na asisahau ERB (bodi ya wahandisi), hakikisheni kozi ya digrii inatambuliwa nao, maana bila kusajiliwa na bodi hiyo huwezi kuitwa injinia kisheria. Ukimaliza kuna mpango wao wa SEAP unafanya kazi chini ya injinia mzoefu miaka 3 ndipo unaomba usajili kamili.

neema_tbr:
Nje ya nchi vipi jamani? Nasikia Kenya wana mekatroniki (mekanika na elektroniki pamoja).

Kijana_wa_Ujiji:
Wanayo ndio, JKUAT na Dedan Kimathi ya Nyeri wote wana digrii ya mekatroniki, ila Kenya injiniaringi ni miaka 5 na ada ya mgeni ni nyingine, kwa familia hii mimi nisingeanzia huko. Zanzibar kuna IIT Madras (tawi la chuo cha India) walifungua 2023, ila digrii waliyoanza nayo ni data science na AI, ni akili ya robot bila mwili wake. Vyuo vya Nelson Mandela Arusha na Carnegie Mellon ya Kigali ni masters kwenda juu, hizo aziweke akilini kwa baadae. Kigali toka Kigoma sio mbali.

DadaWaGungu:
Nawashukuru sana, mwalimu shikamoo. Nimemsomea dogo yote, kanyamaza muda mrefu halafu kasema anataka kuwa injinia sio fundi tu, ila hofu yake ni moja, akienda PCM mambo yakaharibika six si atakuwa amekosa vyote? Halafu anauliza laptopu, hatuna, je bila laptopu ataachwa nyuma?

Fundi_PLC:
Laptopu isiwanyime usingizi sasa hivi. Kwa simu aingie Wokwi au Tinkercad kwenye brauza, ni bure, anaunganisha Arduino (bodi ya kujifunzia) ya kwenye skrini, anaandika programu taa inawaka, mota inazunguka. Simu kioo ni kidogo anaumia kidogo lakini inakwenda, na kama kuna intaneti kafe ya karibu lisaa limoja la wikendi linatosha kuanza. Ajifunze C kidogo na Python kidogo. Redio mbovu asiache kufungua, anunue multimita, ndio kifaa cha kwanza kabla ya bodi yoyote. Mimi mjomba namuunga mkono kwenye kushika vyuma mapema, na hivi vyuma anaweza kuvishika akiwa bado nyumbani.

Mwl_Fizikia_TBR:
Marahaba mwanangu. Hofu yake ina msingi ila mlango haufungwi. Matokeo ya kidato cha nne hayafutiki, hata six ikienda vibaya anaomba diploma kupitia NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa vyeti vile vile vya kidato cha nne, tofauti ni kwamba huenda hatakuwa kwenye lile kundi la kuchaguliwa moja kwa moja na serikali na ada ikabadilika, hilo mlijue mapema. Kwa digrii wanataka principal (ufaulu wa somo kuu) mbili zenye jumla ya pointi 4 kima cha chini na kwa injiniaringi wanaangalia Fizikia na Hesabu, ila ushindani unaipandisha, asilenge kima cha chini. Kwenye machaguo aiache PCM juu, upande wa vyuo aweke DIT na Arusha Tech kozi za umeme au elektroniki, asiache wazi wala kujaza kozi asiyoitaka kwa sababu anaweza akapangwa huko huko. Kuna pia tahasusi ya Fizikia, Hesabu na Kompyuta, angalieni shule zinazoitoa, lakini awe na uhakika mwalimu wa kompyuta yupo na mashine zipo kabla hajaipa nafasi ya kwanza. Akipangiwa Tabora nijulishe hapa hapa, nitamwonyesha wenzake wenye kupenda mambo haya, wapo.

DadaWaGungu:
Sawa mwalimu. Leo jioni naenda naye stationari kurekebisha upande wa vyuo, alikuwa kajaza kozi mbili za biashara huko chini bila kuniambia.