Naombeni ushauri: kuotesha sukuma nje balkoni na hii baridi ya Minnesota

Wadau salama? Niko Minneapolis, nakaa apatimenti, ndani jua ni la kuombea, miche ikiota dirishani inarefuka myembamba halafu inalala. Sasa kuna bibi jirani yangu wa hapa hapa, yeye mbegu anapanda Januari anaziacha nje na theluji inaangukia humo humo, eti zinaota zenyewe. Ningebisha ila sukuma yake nimeila, majani mapana balaa. Inawezekana kweli na hizi hasi ishirini? Nina vyungu vya udongo vikubwa, na mbegu za sukuma, dania na mchicha.

mkulima_balkoni: Inawezekana mkuu, mbegu inalala tu mpaka joto lirudi. Ila vyungu vya udongo achana navyo, vinanywa maji, yakiganda yanatanuka, chungu kinapasuka. Tafuta galoni la maziwa lile linalopitisha mwanga, likate kuzunguka katikati ila pale kwenye mkono bakiza kidogo pashike, toboa chini kwa msumari wa moto, weka udongo wa mfuko kama inchi nne (wa uani usichote, unashikana kama saruji), mwagilia mpaka uchuruzike, mwaga mbegu, funga na tepu. Kizibo TUPA, mvua na theluji zinapita hapo.

Mama Kevo: Mchicha usithubutu saa hizi, ule wa joto, ngoja mwisho wa Mei pamoja na nyanya. Sukuma na dania sawa. Mimi lakini naanza Machi, Januari naona ni kiherehere tu, maana zote zinakuja kuota Aprili.

mkulima_balkoni: Mama Kevo Machi kila mtu yuko bize bana 😂 Januari hatuna kazi.

(mwenye uzi): Asanteni sana. Shida balkoni yangu ina paa, theluji haifiki.

mkulima_balkoni: Basi chota theluji na koleo uweke juu ya galoni, ikiyeyuka inashuka yenyewe. Udongo ukishaachia barafu chungulia ndani, plastiki ikiwa haina matone ya mvuke jua maji yameisha. Halafu kinachoua siyo baridi, ni jua la Aprili, siku ikichangamka fungua galoni mchana la sivyo miche inaiva humo, usiku kukitisha kuganda funga.

Mama Kevo: Na majina andika kwa penseli, maka pen inafutika na jua halafu miche ya sukuma na kabichi huwezi kuitofautisha. Na huyo bibi muulize mbegu ananunua wapi, uje utuambie.