Gari la jeshi lililostaafu liwe ofisi ya dharura ya mji mdogo: tuchukue lipi?

Mratibu_Dharura
Wakuu habari. Tunatafuta gari moja lililotolewa jeshini tuligeuze ofisi ya uongozi wakati wa mafuriko na moto wa msituni. Ndani watakaa watu wanne: msimamizi wa tukio, waendesha redio wawili na mwandishi wa kumbukumbu. Kuna redio mbili za VHF, kompyuta mpakato mbili, printa ndogo na ubao wa ramani. Linatakiwa likae saa 12 eneo la tukio bila umeme wa nje. Madereva ni wa kujitolea, wengi hawajawahi kushika lori. Tunayoyafikiria ni Humvee M998 (lile gari pana la jeshi kama jipu), na malori mawili yenye chumba kilichofungwa nyuma: M1079 na M109A3. Wapo pia wanaosukuma tuchukue gari la deraya. Naomba maoni ya wanaoyafahamu kwa ndani, hasa kinachoharibika.

Spana_19
Mkuu, anza na meza, magurudumu yafuate. Chora sakafu kwa chaki: viti vinne, meza mbili zenye upana wa sentimita 60, njia ya kupita. Ukimaliza kuchora, Humvee imeshajiondoa yenyewe. Viti vyake vinne vimetenganishwa na handaki pana la giaboksi na shafti, kila mtu amekaa kwenye shimo lake na hakuna pa kutandaza ramani. Breki zake za diski ziko ndani karibu na difu, kwa hiyo hata kubadili pedi ni kulala chini ya gari. Kila gurudumu lina gia zake za kupunguza mwendo kwenye habu, na sili zake zikichoka, oili inavuja na maji yanaingia. Kwa kumpeleka skauti mbele ni gari zuri sana. Kwa ofisi, hapana.

Gari la deraya sahau. Ni tani nyingi, kitovu cha uzito kiko juu, madirisha ni membamba na nafasi ya ndani ni ndogo kuliko umbo lake linavyodanganya. Barabara ya udongo iliyolowa inameguka ukingoni chini ya uzito ule, na gari la juu namna hiyo hulala ubavu. Kumbuka pia ofisi ya uongozi haitakiwi kuingia kwenye maji wala moto. Inakaa ng'ambo, pakavu, penye njia mbili za kutokea.

M109A3 ina chumba kizuri juu ya chesi ya M35A2, ila breki zake ni za saketi moja: masta silinda moja, ikisaidiwa na upepo, inalisha magurudumu yote. Hosi moja ikipasuka, pedali inazama na umekosa breki zote. Nyingi hazina pawa stearingi. Kumpa hilo dereva wa kujitolea usiku wa mvua si haki, isipokuwa kwanza mbadilishe mfumo wa breki uwe wa saketi mbili.

Kwa hiyo hapo ningechukua M1079. Ina giaboksi ya otomatiki ya Allison, breki za upepo na matairi manne tu, maana ni 4x4. Kasi yake ya juu ni kama kilomita 94 kwa saa. Za awali zina injini ya Caterpillar 3116, za toleo la baadaye liitwalo A1 zina 3126. Ukipata ya A1, chukua hiyo. Kasoro yake kwenu: kabini na chumba cha nyuma havijaunganishwa, kwa hiyo dereva na wa nyuma waongee kwa intakomu.

Antena_Juu
Naongezea umeme na redio, maana huko ndiko magari haya huharibiwa na wenyewe.

Magari haya kwa kawaida huwashwa kwa volti 24, yaani betri za volti 12 zimeungwa mbili mbili mfululizo. Mtu anaona redio yake ni ya volti 12, anavuta waya wa redio kutoka betri moja tu. Alternata inasukuma mkondo uleule kupitia zote mbili. Betri inayonyonywa haijai kamwe, mwenzake inajazwa kupita kiasi hadi inatoa gesi na kukauka. Siku ya dharura gari haliwaki. Funga kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha angalau ampea 40, chenye fyuzi yake karibu na betri.

Hesabu ya saa 12: redio ya wati 50 inakula kama ampea 11 ikituma na chini ya ampea 1 ikisikiliza. Ikituma robo ya muda, wastani ni kama wati 45; mbili ni 90. Kompyuta mbili 100, taa za LED 30, printa na ruta 25. Jumla wati 245, mara 12 ni karibu kilowati-saa 3. Betri mbili za lithiamu fosfeti za volti 12.8, ampea-saa 200, zikiungwa mfululizo zina kilowati-saa 5.1. Ukitumia asilimia 80 unapata 4.1, na upotevu wa inveta unaingia humo. Betri hizo ziwe mbali na za kuwashia injini kabisa. Kiyoyozi hakimo kwenye hesabu hii. Mkikitaka, kinahitaji jenereta yake ya kilowati 3, na ekzosi iwe upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na gari. Kengele ya kaboni monoksidi ndani ni lazima, hata jenereta ikikaa mita 10.

Chumba cha alumini kinazuia mawimbi. Simu ndani itaonyesha mtandao umekatika ilhali mlangoni upo. Antena zote ziwe nje, hata ya ruta. Faida yake ni kwamba paa hilo ni uwanja mzuri wa antena: ya robo wimbi kwa megahezi 150 ni sentimita 50 tu. Lakini msiweke antena mbili za VHF paani kwa umbali wa mita mbili mkadhani kazi imeisha. Moja ikituma, nyingine inakuwa kiziwi. Ipandisheni moja kwenye mlingoti, kwa sababu kutenganisha kwa kimo kunasaidia zaidi kuliko kwa upana. Mlingoti nao uwe na swichi inayopiga king'ora breki ya mkono ikiachiwa ukiwa bado umesimama.

Mratibu_Dharura
Ahsanteni sana. Tukifika yadi, tuangalie nini kwanza?

Spana_19
Kabla hawajaliwasha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, wameshaliwasha kukuficha shida ya asubuhi, rudi kesho.

Matairi: soma tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi. 2216 ni wiki ya 22 ya mwaka 2016. Kashata zinaweza kuwa nzima huku mpira umepasuka vinyweleo ubavuni. Kilomita chache kwenye dashibodi zisikupumbaze, gari lililosimama miaka lina hosi ngumu, sili kavu na tangi lenye utelezi mweusi unaoziba filta.

Upepo: jaza hadi kama bar 8, zima injini, kanyaga breki na ushikilie. Isishuke zaidi ya bar 0.2 kwa dakika moja. Kisha pita ukisikiliza kila gurudumu, maana mfumo wa kujaza matairi una sili zake zinazochoka na kuvuja.

Chumba: gonga paneli kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini ya madirisha hadi kona za sakafu. Palipo pazima panalia tok, kavu na fupi. Palipoingia maji sauti inazama, na ukisukuma kwa kidole gumba ngozi ya alumini inacheza. Hapo povu la ndani limeachana na bati, rangi haitalitibu.

Tela_Kwanza
Naomba kupingana kidogo na Spana. Kwa madereva wasiojua lori, chumba kile kile kwenye tela kingefaa zaidi. Gari la kuvuta likiharibika, jingine linavuta, na tela likishaegeshwa linabaki kuwa ofisi wakati gari linaendelea kubeba watu. Angalieni tu ndoano: tela za jeshi zina pete na taa za volti 24, gari la kawaida lina bola na volti 12. Mtabadilisha vyote viwili.

Spana_19
Hoja ya kweli hiyo, hasa kama leseni za lori ni shida. Ila kurudisha tela nyuma gizani kwenye njia nyembamba kunahitaji mazoezi kuliko kuendesha M1079. Wapimeni madereva wenyewe kwanza, kwa koni uwanjani. Na kabla ya kulipia chochote, pimeni kimo cha mlango wa gereji yenu, mkijumlisha mlingoti uliolala juu ya paa.