Kupanga nyumba karibu na Kampi ya Moto na kufanya kazi Nakuru mjini: maji na usafiri vipi?

Msafiri58
Hamjambo wadau. Kuna nyumba ya vyumba vitatu inapangishwa kijijini, kilomita 2 ndani kutoka barabara ya Nakuru kwenda Mogotio, karibu na Kampi ya Moto. Ni boma kama kumi na tano tu, kumetulia. Kazi iko mjini na huanza saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Tuko watu wazima wawili na watoto watatu, mdogo ana miaka mitatu. Paa ni la mabati, mita 8 kwa 6, halina gata wala tangi. Maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kisima kirefu cha jirani. Mwenye nyumba amekubali nikiweka tangi, gharama ikatwe kwenye kodi. Niweke la lita ngapi? Na kusafiri kila siku kutawezekana?

FundiGata
Ndugu, anza na maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya huyo mdogo. Maji ya visima virefu Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano, na mengi huja na floraidi, madini yanayoharibu meno, kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wa miligramu 1.5 kwa lita. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa, na kwa kuonja huwezi kujua, kwa hiyo peleka chupa maabara ipimwe. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale. Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Ndiyo maana mtu mzima akihamia huko meno yake hayabadiliki, lakini mtoto wa miaka mitatu anaweza kuota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia akiwa gredi ya pili, na hayo hayasuguliki yakatoka.

Sasa tangi. Usipige hesabu ya maji yote ya nyumba, utaambiwa ununue la lita 10,000 bila sababu. Ya mvua yawe ya kunywa na kupika. Ya kisima ni ya kufua, kuoga na kudeki. Watu watano kwa lita 5 kila mmoja ni lita 25 kwa siku, yaani lita 3,000 kwa kiangazi cha miezi minne. Tangi la 5,000 linatosha na kubakisha. Kulijaza si shida: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni mita 48 za mraba, toa sehemu moja ya tano inayopotea, unapata lita 38 kwa kila milimita. Milimita 130 za masika zinalijaza.

Gata iinamie tangi sentimita 1 kwa kila mita. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni vumbi na kinyesi cha ndege, imwage: nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwako lita 24. Kabla ya tangi toa tawi la bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3, maana kila mita hushika lita 8 hivi. Ukuta ukiwa mfupi, likunje lilale. Mwishoni weka kifuniko cha kufungua, ukitoboe tundu la milimita 3 ili lijikaushe lenyewe. Tundu likizibwa na matope, mvua inayofuata inaingiza uchafu wote tangini.

La mwisho ni msingi. Lita 5,000 ni tani tano, na udongo mwingi wa huko ni majivu mepesi ya volkano. Shindilia vizuri, mwaga zege la sentimita 10 lenye waya wa BRC (wavu wa chuma). Maji ya kufurika yakiachwa yadondoke chini ya tangi yatachota majivu chini ya zege, tangi litainama, na kitakachopasuka kwanza ni kiungio cha bomba la kutolea. Peleka mfereji wa kufurika mita 3 mbali.

StejiMpaka
Kwa usafiri, zile kilomita 2 za ndani ndizo za kuogopa kuliko 20 za lami. Nenda uzipite siku ya kazi baada ya mvua, saa kumi na mbili asubuhi, kisha urudi saa moja jioni. Matatu zitokazo mbali hufika stejini zimejaa, kwa hiyo jipe saa moja na nusu mlango kwa mlango. Elewana na mtu mmoja wa boda kwa mwezi. Wa kubahatisha hupandisha bei mvua ikinyesha.

Ukinunua pikipiki ya cc 125, kilomita 44 kwa siku kwa siku 22 ni kama 970 kwa mwezi, petroli lita 22 hadi 24. Kichujio cha hewa kikague kila wiki wakati wa kiangazi. Lile vumbi laini hukiziba, pikipiki inakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, halafu watu wanafungua kabureta isiyo na kosa.

Msafiri58
Asanteni sana. Na kama floraidi ni nyingi na tangi likauke kabla ya mvua?

FundiGata
Kuna kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imesaidia sana kukieneza. Mkaa huo ni mifupa ya wanyama iliyochomwa, hushika floraidi mpaka ujae, kisha lazima ubadilishwe. Maji yataendelea kuonekana safi hata mkaa ukishachoka, kwa hiyo yapime tena mara kwa mara.

Makubaliano ya kukata kodi yaandikwe na kutiwa sahihi kabla hujanunua tangi. Yataje pia nani anabaki na tangi, gata na zege mkiachana.